Kijana na pikapu kuukuu: usione aibu kuuliza aibu

Hapa Itetemia, kijana aliyemaliza shule na kujiwekea akiba huwa na ndoto inayofahamika: pikapu. Vijiji vinavyotuzunguka vina mahindi, asali na maembe yanayotaka kufika sokoni Tabora mjini, na mwenye chombo hakosi mzigo. Kwa kuwa gari jipya halishikiki bei, macho huelekea kwenye Toyota Hilux au Nissan iliyokwisha kutumika miaka ishirini na zaidi. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huja pale akiba ya miaka mitatu, pengine na ng'ombe wa baba ndani yake, inapotolewa kwa dakika kumi kwa sababu tu rangi inang'aa.

Sisi ambao huitwa kuandika hati za mauziano tumeona kuwa muuzaji mara nyingi ni mtu mzima, na kijana aliyelelewa vyema huona haya kumhoji mkubwa. Lugha yetu imelibeba neno aibu kwa maana mbili: haya ya moyoni na kasoro ya kitu. Wanazuoni wa fiqhi wanazungumzia hiyo ya pili. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauziano, naye hakuijua, ana khiyari ya kukirudisha kitu bila kuchelewa na kurejeshewa fedha yake. Katika soko la Madina, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuificha hali hiyo. Ikiwa nafaka ilitiwa mkono, seuze gari?

Basi kijana aamkie, kisha aseme: “Mzee wangu, naomba unitajie aibu za gari hili kabla hatujaandikiana.” Huo si utovu wa adabu. Muuzaji mkweli atashukuru kuulizwa. Akijibu kwamba anauza kama lilivyo, neno hilo halimwondolei dhambi ya kuficha anachokijua.

Baada ya kuuliza, atazame. Aende asubuhi, pamoja na fundi aliyemchagua mwenyewe, na aombe injini isiwashwe kabla hajafika, kwani injini yenye moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu unaonyesha kuwa oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria gasketi iliyoungua au silinda hedi yenye ufa. Moshi mweusi mzito wa dizeli waweza kutoka kwenye nozeli, pampu au chujio la hewa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji.

Kisha alale chini ya gari. Wapagazi wa Unyanyembe, katika njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, walibeba takriban kilo 30 kila mmoja. Pikapu ya tani moja inabeba mizigo ya wapagazi zaidi ya thelathini, na wengi huipakia mara mbili ya hapo. Mateso hayo huandikwa kwenye chesi: ufa uliochomelewa, kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya, springi zilizolala. Injini yaweza kufunguliwa ikatengenezwa. Chesi iliyooza ni hasara isiyokwisha.

Kilomita za kwenye dashibodi zisimhadae, kwani hurudishwa nyuma. Pedali na usukani uliosuguka husema kweli zaidi. Vilevile, “namba C” au “namba D” hueleza gari lilisajiliwa lini nchini, wala si lini lilitengenezwa.

Upande wa karatasi, namba ya chesi ilingane na kadi, na jina la kwenye kadi liwe la anayeuza. Magari mengi hupita mikono mitatu kwa hati tupu huku kadi ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza. Siku ya mgogoro, mnunuzi wa mwisho ndiye anayehangaika. Faini za barabarani ziangaliwe, bima ihakikiwe, na umiliki uhamishwe TRA mapema. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba wala kupata leseni ya gari. Mzazi anunue kwa jina lake. Atakayebeba mizigo ya watu kwa malipo aulizie pia kibali cha LATRA.

Suratul Baqara, aya ya 282, inatuelekeza kuandika deni la muda na kuweka mashahidi tunapouziana. Hati itaje namba ya chesi, bei, na aibu zote zilizotajwa.

Mwisho, wazazi wasimwache kijana amalize fedha yote kwenye bei. Matairi, betri, breki na mkanda wa taimingi vyaweza kudai haki yao mwezi wa kwanza, na asiyebakisha kitu atakimbilia mkopo wa riba. Achague aina ambayo spea zake zinapatikana Tabora, ili asisubiri basi la Dar es Salaam huku maembe ya watu yakiozea shambani. Na gari likionekana na walakini, aage kwa heshima na arudi nyumbani na fedha yake.

Wabillahi tawfiq.