«Pass out» si kufa

Ndugu mfanyakazi, nawe mama uliye nyumbani,

Hapa Lubumbashi tulizoea Kifaransa na Kiswahili kazini. Leo, katika migodi mingi ya shaba na kobalti, unafanya kazi pamoja na mafundi kutoka Zambia na Afrika ya Kusini, na radio inasema Kiingereza. Shika vizuri neno moja: «pass out».

«Pass» ni kupita, «out» ni nje. Lakini yakifuatana, usifikiri mtu ametoka kazini. Maana yake ni kuzimia: ameanguka, hasikii, hajibu, roho ingali mwilini. Ndugu yake ni «pass away», na huyo ni kufa. Ona namna neno dogo la mwisho linavyogeuza habari yote! Ukisema «passed away» juu ya mtu aliyezimia tu, anayekusikiliza atafikiri hakuna haraka tena. Na ubongo hauwezi kungoja: dakika chache bila pumzi, unaharibika.

(Kule Kenya utasikia kwamba askari wapya «wame-pass out» Eldoret. Usiogope, wamemaliza mafunzo na kupiga gwaride.)

Basi mwenzako akizimia, tazama kwanza mahali. Ikiwa ni ndani ya tanki au chini ya ardhi, labda ni hewa mbaya iliyomwangusha. Ukimkimbilia bila kifaa cha kupumulia, mtalala wawili. Ita waokoaji. Pakiwa salama, mwite, mguse bega, angalia kifua kwa sekunde 10, si zaidi. Anapumua vizuri? Mlaze kwa ubavu, ulimi usizibe koo. Hapumui, au anahema kwa kukatakata tu? Kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Maji ya kunywa usimpe, hata watu wakikuhimiza, yataingia mapafuni.

Mama, jambo hili linakuhusu pia. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza, mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa inazimisha watu usingizini, maana hewa yake ya sumu haina harufu. Itoe nje kabla ya kulala.

Na ukisikia kwenye radio «he has come to», usiulize amekuja wapi: amezinduka. Hata hivyo mlete kwetu tumpime, asirudi kwenye mashini siku hiyo.