Unga wa Eastlands na Vitamini Isiyopatana na Magadi
Visiagi vya Kayole, Dandora na Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, husaga mahindi yanayopimwa kwa gorogoro, ilhali viwanda vikubwa vya Nairobi huuza unga wa pakiti ambao, tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka uongezwe vitamini na madini. Miongoni mwa virutubisho hivyo imo thiamini, yaani vitamini B1, ambayo umbo lake la kikemia ndilo huamua ni kiasi gani cha vitamini hiyo kitamfikia mlaji.

Molekuli ya thiamini ina pete mbili za atomi, na moja kati ya hizo, iitwayo thiazoli, ina salfa pamoja na nitrojeni ambayo, kwa kuwa imefunga viungo vinne badala ya vitatu vya kawaida, hubeba chaji chanya. Chaji hiyo huifanya kaboni iliyo baina ya nitrojeni na salfa iachie haidrojeni yake kwa wepesi, jambo alilolibainisha mwanakemia Mmarekani Ronald Breslow mwaka 1958, na kwa njia hiyo mwili huweza kupata nguvu kutokana na wanga. Hata hivyo, kaboni hiyohiyo ndipo mahali dhaifu: pete hutulia penye asidi kidogo, lakini penye alkali hushambuliwa, ikafunguka, na vitamini ikapotea.

Wenye viwanda hununua thiamini mononitreti, chumvi isiyofyonza unyevu wa hewani kama ile ya hidrokloridi inayotumika kwenye sindano, nayo huchanganywa na virutubisho vingine kuwa poda inayodondoshwa kidogo kidogo na mashine juu ya unga unaopita. Kisiagi cha mtaani kwa kawaida hakina mashine hiyo. Zaidi ya hayo, mteja anayetaka unga mweupe hulipia mahindi yakobolewe, na pumba na kiini, vyenye sehemu kubwa ya thiamini ya asili, huishia kuwa chakula cha mifugo. Kwa hakika huko ni kulipia hasara.

Hasara nyingine hutokea kwenye sufuria ya githeri. Muuzaji wa kibandani hutia kipande cha magadi, madini ya alkali kutoka Ziwa Magadi, ili maharagwe na mahindi viive upesi, na hawezi kulaumiwa, kwa sababu kila saa ya moto ni pesa ya makaa inayokatwa kwenye faida yake. Lakini maharagwe ni chanzo kizuri cha thiamini, na maji ya magadi yanayochemka ndiyo hasa huivunja pete yake. Kuyaroweka maharagwe usiku kucha hupunguza muda wa kupika bila kuongeza alkali, hivyo muuzaji na mpishi wa nyumbani waanze na maji ya kuroweka, na magadi yaachwe dukani.