Kupiga Picha Makaburini Katika Wilaya ya Rungwe: Maana ya Ruhusa na Ridhaa

Swali la kama mpiga picha ahitaji ruhusa kabla ya kupiga picha makaburini laonekana kuwa swali la sheria peke yake. Lakini likiulizwa kwa Kiswahili, na likiulizwa Tukuyu, hugeuka mara moja kuwa swali la lugha pia. Kwa maana Kiswahili hakina neno moja tu la jambo hilo. Kina ruhusa, idhini, kibali na ridhaa, na kila neno lamwelekea mtu mwingine mwenye haki ya kuitikia au kukataa. Makala haya yakusudia kueleza maneno hayo, kuonyesha jinsi yanavyohusiana na desturi ya kuzika katika Rungwe, na kupendekeza neno lipi litangulie mahali gani. Jambo lenyewe si la nadharia tu, kwa kuwa watafiti wa lugha nao ni miongoni mwa watu waendao makaburini na kamera.

Sababu ya kwenda huko ni nzuri. Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, uko katika nchi ya Mlima Rungwe, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,500, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Katika hali ya hewa kama hiyo maandishi ya kaburi hayadumu. Saruji huota ukoga, rangi hutoka, na msalaba wa mti huoza. Kwa mwanaisimu hasara hiyo ni kubwa, maana maneno machache yaliyoandikwa juu ya kaburi huonyesha familia ilichagua lugha ipi kumtaja marehemu wake: Kiswahili, au Kinyakyusa, lugha ambayo Guthrie aliiweka katika kundi la M na kuipa namba M.31. Picha huyahifadhi maneno hayo. Ndiyo maana yafaa ijulikane wazi ni nani wa kuombwa kabla ya kuipiga.

Kwanza lifikiriwe neno makaburini lenyewe. Kwa umbo lake ni wingi wenye kiishio cha mahali, na msikiaji huelewa uwanja mmoja ambamo wamezikwa watu wengi wa jamaa mbalimbali. Pwani dhana hiyo ni ya zamani, na lugha ina maneno yake: mava, yaani mahali pa kuzikia, na ziara, ambalo licha ya maana ya kuzuru limetumika pia kwa kaburi lenyewe linalozuriwa. Katika Rungwe dhana hiyo ni ngeni kwa kiasi. Desturi ya Wanyakyusa, kama ilivyoelezwa na Godfrey Wilson katika maandishi yake ya mwaka 1939 juu ya mazishi, na baadaye na Monica Wilson katika vitabu vyake vya miaka ya 1950, ilikuwa kumzika mtu nyumbani. Hata leo makaburi mengi ya wilaya hiyo yako uani au katika migomba iliyo karibu na nyumba. Basi aulizaye habari za makaburini ameuliza habari za sehemu ndogo tu ya makaburi yaliyopo. Mengine yote yako nyumbani kwa watu.

Kwa hiyo yafaa kutenga aina tatu za mahali. Ya kwanza ni kaburi la nyumbani, ambalo mwangalizi wake ni familia. Ya pili ni uwanja wa makaburi wa kanisa au wa serikali za mitaa. Wamisionari wa Moravian, waliofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, walitoka katika mapokeo ya Herrnhut, ambamo waumini huzikwa katika uwanja mmoja, kwa utaratibu wa kanisa kuliko wa ukoo. Ya tatu ni msitu wa wazee wa zamani. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya ibada za jumuiya, ameeleza habari za misitu iliyoota penye makaburi ya watawala, na hasa msitu wa Lubaga, mahali pa ibada ya Lwembe. Misitu hiyo haikukatwa, wala haikuingiwa ovyo. Waliokuwa na haki ya kuingia ni wale waliopewa kazi ya ibada.

Sasa yatazamwe maneno. Ruhusa latokana na Kiarabu, na katika elimu ya fikihi asili yake ni wepesi anaopewa mtu katika jambo ambalo vinginevyo lingembana. Maana hiyo haijapotea: mgonjwa hupewa ruhusa ya kutoka hospitali, mwanafunzi hupewa ruhusa ya kwenda kwao. Mwenye kutoa ruhusa ni mwenye mamlaka juu ya mwombaji au juu ya mahali. Kibali, ambalo ni la shina moja na kukubali, limekuwa zaidi jina la karatasi: mtu huonyesha kibali, hukipoteza, na hukihuisha. Idhini ni la mzizi uliotoa pia adhana, na mzizi huo katika Kiarabu wahusiana na sikio na kusikiliza. Mwenye kuomba idhini husema, kisha hungoja jibu. Pwani adabu ni kupiga hodi mara tatu, na asiyeitikiwa hurudi alikotoka.

Neno la nne, ridhaa, ni la namna nyingine. Ni ndugu ya radhi, na mahali pake ni moyoni. Afisa aweza kutoa ruhusa hali hapendi. Hakuna awezaye kutoa ridhaa hali moyo wake umekataa. Tena radhi ni neno la wazazi na watoto. Mtu hutaka radhi ya mzazi, huogopa kuikosa, na methali yasema kwamba radhi ni bora kuliko mali. Wala uhusiano huo haukatwi na kifo. Katika fikira za Wanyakyusa, kama walivyoeleza akina Wilson, abasyuka, yaani wazee waliokufa, waliendelea kuwa na neno juu ya watoto wao, na waliohusika nao ni jamaa zao, si kila mpita njia. Ukristo umebadili mengi katika imani hiyo, lakini kanuni ya jamaa imebaki: marehemu ana wenyewe. Mtu akiulizwa habari za kaburi lililo uani kwake, hujibu kwanza kama mtoto wa aliyelala pale, na baadaye ndipo kama mwenye kiwanja.

Tofauti hii yaonekana pia katika sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 127, yafanya kuwa kosa kuingia mahali pa kuzikia bila haki, au kuudhalilisha mwili wa mfu, au kuwasumbua watu waliokusanyika kwa mazishi, ikiwa nia ni kuumiza hisia za mtu au kuitukana dini yake. Kifungu hicho hakitaji kamera. Kinachopimwa ni nia ya aliyeingia. Mpiga picha mwenye nia njema hatiwi hatiani kwa kifungu hicho kwa sababu tu amepiga picha ya jiwe. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yatoa hifadhi kwa maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake; na kaburi la uani limo ndani ya maskani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, yawahusu walio hai: mfiwa anayetambulika katika picha ana haki zake, hata kama mpiga picha alikusudia msalaba uliokuwa mbele yake. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, uchaguzi kati ya ruhusa na ridhaa si pambo tena. Mwandishi wa sheria ndogo za halmashauri akiandika ruhusa, amempa mamlaka mwenye ofisi. Akiandika ridhaa, amempa mwenye kaburi.

Kuna sababu nyingine, na pengine ndiyo nzito kuliko zote, inayowafanya watu wa Rungwe wamtazame kwa shaka mgeni apigaye picha za makaburi. Kaburi ni ushahidi wa ardhi. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya umilikaji wa ardhi wa Wanyakyusa, alionyesha jinsi ardhi ilivyokuwa imeanza kuwa haba kwa wingi wa watu na kwa mazao ya biashara. Mahali ambapo ardhi ni haba, familia isiyo na hati huweza kuonyesha kaburi la babu na kusema, sisi ndio wa hapa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 yawezesha makaburi kuondolewa ardhi ikihitajiwa kwa manufaa ya umma, kwa utaratibu wa taarifa na fidia. Basi mtu asiyejulikana akisimama uani, akayahesabu makaburi na kuyapiga picha, mwenye nyumba hamwoni mwanaisimu. Amwona mpimaji, au mnunuzi, au wakili wa jirani. Kimya cha mpiga picha ndicho kinachozaa hofu, na maneno machache yaliyosemwa mapema yangeiondoa.

Isidhaniwe kwamba watu hao huchukia picha. Katika misiba ya siku hizi picha ya marehemu hubebwa pamoja na msalaba, na mara nyingi familia humkodi mpiga picha iandamane naye tangu kuaga hadi kuzika. Lakini huyo ametumwa na wafiwa, na picha zake hurudi kwao. Hali ilikuwa nyingine zamani za ukoloni. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alipiga picha nyingi katika nchi za Ziwa Nyasa, na kitabu chake kikatoka Berlin mwaka 1906. Picha za wamisionari zilikwenda Herrnhut. Ni hazina kwa mtafiti wa leo. Hata hivyo zilipigwa chini ya utawala uliokuwa na silaha, na mwenyeji aliyeelekezewa kamera na mwanajeshi hakuwa huru kukataa. Ruhusa ya serikali ilikuwapo. Kuwapo kwa ruhusa hakuthibitishi kuwapo kwa ridhaa.

Kutokana na hayo yote yaweza kupendekezwa taratibu hizi kwa wanafunzi na watafiti. Katika uwanja wa kanisa, mchungaji au wazee wa kanisa waombwe idhini. Katika uwanja wa halmashauri, ofisi husika iombwe kibali. Hiyo yatosha kwa picha ya mahali kwa jumla. Picha ya kaburi moja lenye jina lisomekalo yataka ridhaa ya jamaa, iwapo waweza kupatikana. Kwa kaburi la nyumbani, mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji apewe habari kwa heshima ya mahali, lakini ruhusa yake isihesabiwe kuwa ridhaa ya familia. Mgeni apige hodi, asalimie, aseme jina lake na kazi yake, aseme ni maneno gani ya kaburi ayatafutayo na picha itawekwa wapi, kisha anyamaze angoje. Katika msitu wa ibada, asiingie bila mwenyeji mwenye haki ya kumwingiza. Na akiambiwa kwamba kamera haiingii, ibaki nje. Wakati wa mazishi, msemaji wa familia aulizwe kabla ya ibada kuanza, na nyuso za wanaolia zisipigwe.

Mwisho, katika daftari la utafiti ziandikwe habari tatu kando ya kila picha: nani aliridhia, aliridhia nini, na nakala ilirudishwa kwa nani. Akitokea mjukuu akasema kwamba picha isichapwe, isichapwe, ingawa mwenyekiti alikwisha kutia sahihi. Maandishi ya kaburi hilo yaweza kunakiliwa kwa mkono, ikiwa hilo nalo mjukuu ameliridhia.