Mhukumiwa amekata rufaa: je, kesi ya mtoto imepotea?

Katika toleo hili tunaeleza jambo moja linaloleta mashaka mengi vijijini mwetu. Mtoto amebakwa. Wazazi wamejikaza, wamefika polisi, wamefika parke, wamefika tribinali. Hakimu amesoma hukumu, na mwenye kosa amepewa miaka mingi ya gereza. Watu wanarudi nyumbani wakimshukuru Mungu. Baada ya siku chache habari nyingine inafika: « Yule mtu amefanya apeli. »

Hapo maneno yanaanza. Wengine wanasema mahakimu wamekula pesa. Vijana wanasema afadhali wangempiga siku ile ile. Jamaa za mhukumiwa wanaleta mbuzi na pesa kidogo ili « mambo yaishe ». Mama wa mtoto anaogopa kwenda kuteka maji. Amani ya kijiji inaanza kuvunjika kwa sababu ya neno moja ambalo watu hawakuelezwa maana yake.

Kwa hiyo tunataka kueleza rufaa ni nini, inafanyika namna gani katika nchi yetu ya Kongo, na jamii ifanye nini ili isimwache mtoto katikati ya njia.

Rufaa ni nini?

Kukata rufaa ni kuomba mahakama ya juu iitazame tena kesi iliyokwisha kuhukumiwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe na itoe sababu zake, na kwamba haki ya kupinga hukumu ni ya watu wote. Kwa hiyo mtu aliyehukumiwa kwa kubaka mtoto akikata rufaa, hajavunja sheria wala hajashinda. Ameomba tu mahakimu wengine watazame.

Tujue pia kwamba haki hiyo inatulinda sisi sote. Leo anayehukumiwa ni jirani mbaya. Kesho anaweza kuwa ndugu yako aliyesingiziwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Bila rufaa, kosa la hakimu mmoja lingebaki milele.

Kwa kawaida kesi ya kubaka mtoto inaanza katika Tribunal de Grande Instance, na rufaa yake inakwenda Cour d'Appel. Kama washtakiwa ni askari, au kosa ni lile linaloitwa jinai dhidi ya binadamu na limepelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, rufaa inafuata ngazi za mahakama za kijeshi. Juu kabisa kuna Cour de Cassation. Hiyo haianzi kuhoji tena nani alifanya nini. Inatazama kama sheria ilifuatwa.

Nani anaweza kukata rufaa?

Watu wengi wanafikiri ni mhukumiwa peke yake. Sivyo. Mwendesha mashtaka anaweza pia, ikiwa anaona adhabu ni ndogo au mtu ameachiliwa bila sababu. Familia ya mtoto, ikiwa ilijiandikisha katika kesi kama upande unaodai fidia, inaweza kukata rufaa kwa ajili ya fidia hiyo.

Muda ni mfupi. Mbele ya mahakama za raia ni siku 10, na mbele ya mahakama za kijeshi ni mfupi zaidi. Familia inayongoja « kwanza tukae, tufikiri » inaweza kukuta mlango umefungwa. Inafaa kumwuliza wakili siku ile ile hukumu inaposomwa.

Kuna jambo lingine la kujua. Ikiwa mhukumiwa peke yake ndiye aliyekata rufaa, mahakama ya juu haiwezi kumwongezea adhabu. Ndiyo maana msimamo wa mwendesha mashtaka katika siku zile za kwanza una maana kubwa.

Je, mtu anatoka gerezani akikata rufaa? Rufaa iliyofanywa kwa wakati inasimamisha utekelezaji wa hukumu, lakini mtu aliyekuwa kizuizini kwa kawaida anabaki humo akingoja. Anaweza kuomba kuachiliwa kwa muda, na ni mahakimu wanaoamua. Kwa hiyo mkimwona njiani, kabla ya kupiga kelele, pelekeni swali kwa wakili au kwa parke: ameachiliwa kwa uamuzi gani?

Mahakimu wa rufaa wanatazama nini?

Mahakama ya rufaa inasoma kesi yote upya, matendo na sheria. Inapokea faili kutoka chini, inasikiliza pande zote, na inaweza kuita mashahidi. Mwisho wake inaweza kuthibitisha hukumu, kubadili adhabu, kumwachilia mtu, au kufuta hukumu kwa sababu utaratibu haukufuatwa na kuihukumu kesi yenyewe upya.

Mambo yanayopigwa vita zaidi katika kesi za watoto ni haya:

Umri. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18, na adhabu ya kubaka mtoto ni kuanzia miaka 7 hadi 20 ya gereza. Sheria hiyo inasema pia kwamba penye mashaka juu ya umri, mtu ahesabiwe kuwa mtoto. Hata hivyo cheti cha kuzaliwa kinafunga mdomo wa mabishano mengi. Ndiyo maana tunawakumbusha wazazi kuandikisha watoto wao ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa.

Cheti cha munganga. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji zinataka munganga na mtu anayejua mambo ya akili na moyo waitwe kumwona aliyetendewa. Munganga anaandika alichoona: majeraha, hali ya mwili, siku na saa. Cheti peke yake hakitaji jina la mkosaji, na kukosekana kwake peke yake hakufuti kosa. Lakini faili lenye cheti kilichoandikwa vizuri linasimama kwa nguvu zaidi mbele ya mahakimu ambao hawakumwona mtoto.

Maneno ya mtoto. Mtoto aliyeulizwa mara sita na watu sita, mbele ya umati, atachanganya maneno. Wakili wa upande wa pili atasema: « Ona, jana alisema jioni, leo anasema usiku. » Mtoto huyo si mwongo, amechoshwa. Inafaa aulizwe na mtu aliyefundishwa, mahali penye utulivu, na maneno yake yaandikwe au yarekodiwe mara moja.

Sababu za hukumu. Hukumu inayosema tu « ana hatia » bila kueleza kwa nini ni rahisi kuvunjwa. Hukumu iliyojibu kila neno la utetezi inadumu.

Mfano wa Kavumu

Kesi ya Kavumu, katika eneo la Kabare, Kivu ya Kusini, inatufundisha mengi. Kati ya mwaka 2013 na 2016, wasichana wadogo wapatao 40 walichukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao, wakabakwa, kisha wakaachwa wakiwa na majeraha makubwa. Wengine hawakuwa wamefika hata miaka 2. Wengi walitibiwa katika hospitali ya Panzi, Bukavu, na kundi la Munganga Denis Mukwege. Watendaji waliamini kwamba damu ya bikira ingewakinga na risasi.

Kwa muda mrefu kila mtoto alihesabiwa kama kesi yake peke yake, na wazazi walilia bila jibu. Mtetezi mmoja wa haki za binadamu aliyefuatilia mambo hayo aliuawa mwaka 2016. Mwaka huo huo mambo yakageuka: upande wa mashtaka wa kijeshi uliunganisha kesi hizo na kuzitazama kama mashambulizi ya kundi moja dhidi ya raia. Mwezi wa Juni 2016 Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, alikamatwa. Alisemwa kuwa ndiye kiongozi wa kundi la silaha lililoitwa Jeshi la Yesu.

Kesi ilifunguliwa Kavumu kwenyewe mwezi wa Novemba 2017, mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Kivu ya Kusini iliyosafiri hadi pale, ili wenyeji waone kwa macho yao. Watoto hawakusimamishwa mbele ya watu. Mahojiano yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video na watu waliofundishwa, na majina yao hayakutajwa hadharani. Mashahidi wengine walisema wakiwa wamefichwa. Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wenzake 10 walihukumiwa kifungo cha maisha kwa jinai dhidi ya binadamu, yaani ubakaji na mauaji. Kila mtoto aliyebakwa alipewa fidia ya dola 5.000, na familia za waliouawa dola 15.000. Ombi la mawakili kwamba serikali nayo ihesabiwe kuwa na wajibu wa kulipa halikukubaliwa katika hukumu hiyo.

Wahukumiwa wakakata rufaa. Huko Kavumu, familia ambazo zilikuwa zimelala usingizi kwa mara ya kwanza zilijiuliza kama yote yangeanza upya. Haute Cour Militaire, mahakama ya juu ya kijeshi, ikasikiliza kesi, na tarehe 26 Julai 2018 ikathibitisha hatia na kifungo cha maisha.

Tunajifunza nini? Rufaa haikuvunja kesi ya Kavumu kwa sababu kazi ilikuwa imefanyika vizuri chini: vyeti vya munganga, video za watoto, mashahidi waliolindwa, kesi zilizounganishwa. Na baada ya tarehe ile hakuna aliyeweza kusema kwamba hakimu mmoja tu wa Kavumu alikuwa na chuki. Mahakimu wengine, mahali pengine, walisoma yale yale na wakafika pale pale.

Lakini tuseme pia lililo kweli: fidia iliyoandikwa kwenye karatasi si fidia iliyo mkononi. Katika nchi yetu wengi walioshinda kesi za namna hii wamengoja miaka bila kulipwa. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, kwa waliotendewa ubakaji wa vita na jinai nyingine kubwa. Familia ziulize wakili wao namna ya kujiandikisha.

Jamii ifanye nini?

Kwanza, tusikubali mapatano ya mbuzi. Ubakaji wa mtoto hauishi kwa mapatano ya familia mbili, na kumwoza mtoto kwa aliyembaka ni kumwadhibu mara ya pili. Mzee wa kijiji anayetaka amani ampeleke mkosaji kwa sheria, asimfiche.

Pili, tutunze karatasi. Tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwezi wa Januari na Februari 2025, kazi ya mahakama imevurugika, na wafungwa wa gereza kuu la Bukavu walitoroka. Faili linaweza kupotea, hakimu anaweza kukimbia. Familia iwe na nakala ya hukumu, cheti cha munganga na namba ya kesi, na nakala nyingine iwekwe kwa wakili au mahali salama.

Tatu, tusiiache familia peke yake. Safari ya kwenda mjini ni gharama. Familia maskini inaweza kuomba cheti cha umaskini katika ofisi ya mambo ya jamii ili kupunguziwa malipo ya mahakama. Kanisa, msikiti na vikundi vya wamama vinaweza kuchanga nauli na kumsindikiza mama siku ya kusikilizwa.

Nne, tufunge midomo juu ya jina la mtoto. Asitajwe redioni, asionyeshwe kidole shuleni. Kesi ikidumu miaka 2, mtoto anaendelea kukua, anaendelea kusoma.

Tano, tusilipize kisasi kwa jamaa za mhukumiwa. Watoto wake hawakubaka mtu. Nyumba ikichomwa, kijiji kinapata kesi ya pili, na mahakimu wa rufaa wataletewa habari za moto badala ya habari za mtoto.

Na kama mahakama ya rufaa itamwachilia mtu? Inatokea, na inauma. Wakili aombe nakala ya uamuzi, familia ielezwe sababu kwa lugha inayoeleweka, na mwendesha mashtaka aulizwe kama kuna njia ya kwenda Cour de Cassation. Mtoto bado anahitaji matibabu na mtu wa kumsikiliza. Hayo hayangoji hukumu yoyote.

Tunawaomba wakubwa wa vijiji, walimu na viongozi wa dini wasome makala hii pamoja na watu wao. Siku habari ya apeli itakapofika kijijini, mtu wa kwanza kuulizwa awe na jibu: kesi haijapotea, inasomwa mara ya pili, na sisi tuko pamoja na mtoto mpaka mwisho.