Nusu ya nguvu ni ya kutorudi nyuma

Nilikuwa nimekwenda Sahare, hapa Tanga, kutafuta changu wa kuchoma. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Boti moja ya faiba ilikuwa inapanda pwani taratibu, tumbo lake likipita juu ya mabomba ya chuma yaliyolazwa kwenye mbao, na hapakuwa na mtu aliyeishika. Juu, chini ya mvinje, kulikuwa na trela lililofungwa kamba kwenye shina. Kwenye shingo ya trela kulikaa dude la chuma lenye rangi tatu tofauti, na kando yake mzee mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidole gumba kwenye swichi. Boti ilipofika katikati ya mteremko mzee akaachia swichi, akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda kwa muuza kahawa.

Boti ikabaki palepale. Hapakuwa na jiwe nyuma yake, wala gogo, wala kijana wa kuizuia kwa bega. Kilo 900 hivi, pamoja na injini yake, zilikuwa zimening'inia kwenye waya wa unene wa kalamu, na mwenye waya anachagua kashata.

Changu niliwasahau. Nilimfuata kwenye kahawa, nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza swali moja tu: kwa nini hairudi?

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "watu wote wanaokuja hapa huniuliza inavuta kilo ngapi. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza hilo." Kisha akapandisha mkono wa kulia wa shati. Kifundo chake kimepinda kuelekea nje, kama tawi lililovunjwa likaota hivyohivyo.

Winchi ya trela si kitu kigeni kwa watu wa pwani. Ni roda ya kuzungushia kamba, mkono wa kuzungusha, na kipande kidogo cha chuma kinachodakia meno ili mzigo usirudi. Mafundi wa hapa hukiita kidole. Siku hiyo, zamani kidogo, mzee alikuwa akizungusha winchi ya mkono iliyonunuliwa dukani, boti imefika karibu na kilele cha trela, na kidole kikaruka jino. Mkono wa winchi ukageuka kinyume kwa kasi ya feni. "Sikuuona. Niliusikia tu mfupa." Miezi mitatu hakushika spana. Alipopona alikuwa na jambo moja kichwani: atengeneze winchi isiyohitaji mkono wa mtu, na isiyoweza kurudi hata ikiachwa peke yake.

La kwanza halikumsumbua. Stata ya gari ipo kila gereji ya Ngamiani, na betri ya N70 hukodishwa. Lililomla miaka ni la pili.

Alianza na Peugeot 404. Wasomaji wa umri wangu wanalijua gari hilo. Lilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili za katikati aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Lakini si ushindi uliomvutia fundi. Kwenye difu ya 404 hakuna pinioni ya kawaida ya meno ya mshazari. Kuna parafujo, yaani mtaimbo wenye hesi nene kama za bolti kubwa, unaoshikana na gurudumu la shaba nyeusi na kulisukuma jino baada ya jino. Mafundi wa zamani walimwambia kwamba parafujo huzungusha gurudumu, ila gurudumu haliwezi kuzungusha parafujo. Akaona amepata alichokitafuta. Alinunua difu nzima kwenye chuma chakavu, akaikata, akaichomelea roda upande mmoja na stata upande wa pili, akaishusha pwani.

"Ikavuta vizuri sana. Nikaachia swichi. Boti ikarudi majini yenyewe, stata inalia kama mbuzi."

Hapa ndipo mzee alipoomba daftari langu. Akachana ukurasa mmoja, akaukunja kwa mshazari, akakata kwa ukucha pembetatu mbili: moja imesimama kama paa la msonge, nyingine imelala, ndefu na nyembamba. Akachukua kalamu yangu, akaizungushia ile iliyosimama. Ukingo wa karatasi ukapanda kalamu haraka, mzunguko mmoja na nusu umefika juu. "Hii ndiyo Peugeot." Akaivua, akaizungushia ile iliyolala. Ukingo ukazunguka, ukazunguka, mistari imekaribiana kama nyuzi za kikoi. "Na hii ndiyo jeki."

Nikaelewa hata kabla hajamaliza, na nadhani uso wangu ulionyesha, maana alicheka kwa furaha. Hesi ya parafujo ni mlima uliofungwa kwenye mtaimbo. Mlima ukiwa mkali, kilicho juu yake huteleza chini. Ukiwa wa taratibu, msuguano unakishika, hakiendi popote. Ndiyo maana jeki ya hesi hukaa na gari juu yake usiku kucha bila mtu kuishika mpini. Peugeot haikuweza kutengeneza parafujo la namna hiyo, kwa sababu gari lazima libingirike dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, na lazima lisukumike likiharibika njiani. Kwa hiyo waliweka hesi kadhaa zinazokimbia pamoja, kila moja na mlima mkali. Gurudumu la gari liliruhusiwa kulirudisha parafujo. Na boti ikafanya hivyohivyo.

"Nilikuwa nimenunua parafujo la kwendea," mzee alisema. "Nilitaka la kukalia."

Alilipata baadaye katika mashine iliyong'olewa kiwandani: gia boksi ndogo ya chuma cha kalibu, nzito kuliko inavyoonekana, imegongwa 1:40 ubavuni. Ndani kuna hesi moja tu inayozunguka peke yake, na gurudumu la meno 40. Stata ikizunguka mara 40, roda huzunguka mara moja. Alinifungulia kifuniko nikaona. Shaba inang'aa rangi ya asali mahali hesi inapopita, na oili ina unga wa dhahabu chini yake. Ni shaba inayolika kidogo kidogo. Nilipogusa gamba la gia boksi niliondoa kidole upesi. Lilikuwa la moto, ingawa lilikuwa limefanya kazi muda mfupi tu.

Joto hilo ndilo lililonifanya nirudi Sahare siku tatu mfululizo. Kanuni ya mitambo iko wazi: parafujo linalogoma kurudi haliwezi kupitisha hata nusu ya nguvu linayopewa. Msuguano uleule unaoshika boti isirudi ndio unaokula nguvu wakati wa kupanda. Betri inatoa nguvu, stata inaipeleka, na zaidi ya nusu inageuka joto ndani ya kisanduku kile. Nilimwambia mzee hivyo nikidhani nimemletea habari. Alikuwa anaijua kwa kiganja chake kabla sijazipata hesabu zake.

"Nusu naivutia boti," akasema, "nusu nailipia isirudi. Ghali? Uliza kifundo hiki."

Sijapata kusikia hesabu ya mashine ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Mengine aliyajenga kulizunguka jambo hilo. Stata imeumbwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kufanya kazi ya kutwa. Alishaunguza mbili kabla ya kukubali. Sasa anahesabu hadi 10, anaachia, anasubiri mpaka stata iweze kushikwa kwa mkono. Ile kahawa niliyomwona akienda kunywa, kumbe ilikuwa zamu ya stata kupumzika, na winchi isiyorudi ndiyo inayompa nafasi hiyo. Trela lake haliingii majini kabisa. Gurudumu lililotoka safarini lina joto, anasema, na ukilitumbukiza kwenye maji baridi hewa iliyo ndani ya habu husinyaa na kuvuta chumvi hadi kwenye beringi. Waya anaupanga rodani safu kwa safu kama mtu anayesuka ukili, maana kila safu inayoongezeka huinenepesha roda, na roda ikinenepa nguvu ya kuvuta hupungua.

Kuhusu mchanga ana maneno makali. Mteremko wa hapo hupanda kama hatua moja kwa kila hatua nane, kwa hiyo mlima wenyewe unadai sehemu moja ya nane ya uzito, kilo mia na kitu. Tumbo la boti likigusa mchanga, mchanga nao unadai nusu ya uzito au zaidi. "Watu wanaogopa mlima. Mwizi ni mchanga." Mabomba na mbao ni vya huyo mwizi. Na siku mchanga ukishinda, ana puli moja ya ziada anayoifunga kwenye pua ya boti: waya unakwenda na kurudi, nguvu inakuwa maradufu, mwendo nusu.

Halafu kuna gunia. Kabla ya kubonyeza swichi, kila mara, mzee hutembea hadi katikati ya waya na kulitandika juu yake gunia la katani lililoloweshwa. Sikulielewa hadi aliponiambia nishike waya ukiwa umekazwa. Hautetemeki, lakini unahisi kama umebana pumzi. Waya wa namna hiyo ukikatika hurudi kwa kasi isiyoruhusu mtu kukwepa. Gunia lililolowa huurudisha chini. Hakuna anayevuka waya wakati unavuta, hata mwenye boti, na nilimwona akizima mashine kwa sababu mtoto alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwenye gunia.

Vijana wanaohamisha mabomba kutoka nyuma kwenda mbele ni watatu. Zamani boti ya ukubwa huo ilipandishwa na watu kumi na wawili hivi, na kila aliyetia bega aliondoka na kitoweo. Neno harambee, kabla Kenya haijalifanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963, lilikuwa wito wa wavutaji wa pwani hii hii, ili mabega yote yasukume kwa pumzi moja. Siku tatu nilizokaa pale sikulisikia. Stata hailihitaji. Nilimuuliza mzee wale tisa wengine wanakula nini siku hizi. Alinyamaza, akapangusa waya kwa grisi kipande kirefu, kisha akasema hilo nimuulize mwenye boti. Mwenye boti akasema nimuulize mzee. Wale tisa sikuwapata pwani, na ninaandika haya swali hilo likiwa bado mkononi mwangu.

Jambo la mwisho alinionyesha siku ya tatu, na nilihisi alisita kulionyesha. Ubavuni mwa roda kuna mstari wa rangi nyeupe, na mwingine kwenye fremu, inatazamana. Usiku mmoja wa kusi aliiacha boti kwenye waya, upepo unaipiga, maji ya bamvu yanagusa makalio yake. Asubuhi akaikuta mahali pake, au hivyo alivyodhani. Mistari miwili ilikuwa imeachana upana wa kidole.

Ugomaji wa parafujo ni wa chuma kilichotulia. Mtetemo huulegeza, punje kwa punje. Mzee hakuwa amesoma hayo popote; aliisoma mistari yake. Wiki hiyo hiyo akachomelea kwenye roda sproketi ya pikipiki, na juu yake kidole, kama kile kilichomvunja mkono, ila hiki amekitengeneza mwenyewe kutoka kwenye springi ya lori, kirefu, chenye uzito wa kutosha kuanguka kwenye jino bila kusubiri springi nyingine. Waya ukivuta, kidole hugonga, tak, tak, tak, na kutoka gengeni kwa kahawa mtu anasikia boti inapanda.

Nilimwomba mchoro wa mashine nzima nije nao ofisini. Hana. Urefu wa kila kipande uko kwenye mkono wake wa kulia, ule uliopinda, ambao siku hizi humfa ganzi asubuhi. Mwanawe anaendesha bajaji na hajaonyesha nia. SIDO wapo hapa mjini, VETA wapo hapa mjini, wana meza za kuchorea na vijana wanaotafuta kazi ya kujifunzia. Naomba mmoja wao aje na karatasi kubwa na futi. Maji yakipwa mzee yuko Sahare chini ya mvinje. Saa nyingine yuko gereji, isipokuwa Ijumaa mchana.