Kabla ya noti ya 50,000, Kisangani inahitaji sarafu

Kila faranga ya Kongo inapoyumba, hoja ya noti kubwa hurudi. Wenye maduka ya jumla wanaochosha vidole kwa kuhesabu mafurushi ya noti za 500 na 1,000 wanataka noti ya 50,000, wengine hata ya 100,000, na malalamiko yao yana msingi. Noti ya 20,000 ilipotolewa na Benki Kuu ya Kongo mnamo Julai 2012, pamoja na zile za 1,000, 5,000 na 10,000, ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 21. Miaka kumi na miwili baadaye ilikuwa imeshuka hadi kama dola 7. Hata hivyo, naona mjadala huu unaanzia upande usiofaa. Kinachowaumiza watu wa Kisangani zaidi ni uhaba na uchakavu wa pesa ndogo, na dawa yake ni sarafu za chuma. Kongo inaongoza Afrika kwa kuchimba shaba, lakini sokoni hakuna sarafu hata moja inayozunguka. Faranga ilipozinduliwa tarehe 30 Juni 1998, hata senti moja ilichapwa kwenye karatasi. Uamuzi huo haujawahi kurekebishwa, na anayeulipia ni mnunuzi wa vitu vidogo.

Itazame noti ya 100 inavyopita mikononi mwa wauzaji wa mtaa wa Mangobo au wa soko kuu. Imelainika, imekuwa rangi ya udongo, kona moja imeliwa, katikati imeunganishwa kwa utepe wa gundi na namba zake hazisomeki. Mama anayeuza chumvi kwa kijiko na mawese kwa kichupa anaigeuza mara mbili kisha anairudisha, kwa sababu anajua kwamba mwendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, atakayempeleka nyumbani jioni ataikataa. Noti ya 50 haifai hata kuzungumziwa. Matokeo yake ni kwamba bei zinapanda ngazi mbili tatu tu zilizobaki: kitu ambacho kingeuzwa 300 au 400 kinauzwa 500, au mteja anapewa pipi mahali pa chenji. Fanya hesabu. Anayelipa 500 kwa kitu cha 400 amepoteza robo ya bei. Anayenunua gunia la mchele akakosa chenji ya 100 hajapoteza kitu cha kuonekana. Huu ni ushuru usiopigiwa kura na bunge lolote, hauingii hazina ya serikali, na kiwango chake kinapanda kadiri mnunuzi anavyozidi kuwa maskini. Familia yenye uwezo hununua mawese kwa dumu. Asiye na uwezo hununua kichupa kila siku, kwa hiyo anakatwa kila siku.

Jambo la pili ni nafasi ya dola. Zaidi ya asilimia 80 ya akiba katika mabenki ya Kongo imewekwa kwa fedha za kigeni. Nyumba, pikipiki, almasi na shehena zinazotoka Kinshasa kwa mto hupangiwa bei kwa dola. Ibara ya 170 ya Katiba inasema faranga ndiyo pesa ya taifa na inalipa deni lolote nchini kote, lakini mazoea ya miaka ya mfumuko yana nguvu kuliko ibara. Mwaka 1999 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilijaribu kupiga marufuku matumizi ya fedha za kigeni. Dola zilijificha, soko la magendo likanawiri, na mwaka 2001 marufuku hiyo ikaondolewa. Lakini kuna eneo moja ambalo dola haijaweza kulichukua. Senti za Marekani hazitumiki hapa, na noti ya dola 1 hukataliwa na wengi. Ukilipa kwa dola, chenji ndogo unaipokea kwa faranga. Kwa maneno mengine, biashara yote ya chini ya dola chache ni uwanja wa faranga peke yake, na huko ndiko watu wengi wanakotumia pesa zao zote. Benki Kuu haina mshindani katika uwanja huo, na ndio iliouacha mikononi mwa karatasi zilizochanika.

Je, kuna kipimo cha kujua noti iishie wapi na sarafu ianzie wapi? Kipo. Mwaka 1981 watafiti wawili, Payne na Morgan, walichunguza nchi nyingi wakaona kwamba ngazi za pesa hufuata ujira wa wastani wa siku moja. Noti kubwa kuliko zote huwa karibu na ujira wa siku tano, na mpaka kati ya noti na sarafu huangukia kati ya sehemu ya hamsini na sehemu ya ishirini ya ujira huo. Benki kuu nyingi zimekitumia kipimo hiki, ingawa si sheria ya maumbile. Tukitumie Kongo. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa faranga 7,075 kwa siku mwaka 2018, na mwaka 2025 kikapandishwa hadi 14,500. Sehemu kubwa ya watu wa Kisangani hufanya kazi bila mkataba, na wengi wanapata pungufu, kwa hiyo tuchukue 10,000 kwa ajili ya hesabu tu. Mpaka wa sarafu unaangukia kati ya 200 na 500. Noti ya juu inakuwa 50,000. Ukitumia 7,075, mpaka unashuka hadi kati ya 142 na 354, na noti ya juu inakuwa kama 35,000. Vyovyote utakavyochagua, kipimo kinasema mambo mawili: ngazi ya juu imebaki fupi kidogo, na ngazi ya chini imetengenezwa kwa kitu kisichofaa kabisa. Wanaodai noti kubwa wanasoma nusu moja tu ya jibu.

Majirani wameshapita hapa. Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014, kwa sababu noti ya 500 ilikuwa inapita mikono mingi mno na kuchakaa upesi. Uganda ilitoa sarafu ya shilingi 1,000 mwaka 2012. Na hapa mfano wa Tanzania unatufundisha zaidi ya suala la sarafu. Noti yake kubwa ni ya shilingi 10,000, ambayo ni karibu dola 4, yaani thamani ndogo kuliko noti yetu ya 20,000. Hata hivyo Mtanzania huweka akiba, hulipa kodi ya nyumba na hununua ng'ombe kwa shilingi. Kama udogo wa noti ndio ungewasukuma watu kwenye dola, Dar es Salaam ingekuwa imehamia kwenye dola kabla ya Kisangani. Watu wetu wanashika dola kwa sababu waliona akiba zao zikiyeyuka, na noti ya 50,000 peke yake haitawarudisha.

Wengine wanaipinga noti kubwa kwa hofu kwamba italeta mfumuko wa bei. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya 5,000,000 za zaïre, pesa ya wakati huo. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kwamba haina thamani, wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakaanza kupora Kinshasa. Mamia ya watu waliuawa, na balozi wa Ufaransa Philippe Bernard alikuwa miongoni mwao. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaïre mpya moja kwa milioni tatu za zamani, na mwaka 1994 bei zikapanda takriban mara mia moja. Faranga ya 1998 nayo ilichukua nafasi ya zaïre mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ilisimama mahali pa zaïre bilioni 300 za zamani. Aliyeishi hayo ana sababu ya kushtuka akiona sifuri nyingi. Lakini tutofautishe dalili na ugonjwa. Mfumuko wa wakati ule ulitokana na serikali kuchapa pesa ili kuziba pengo la matumizi yake, na noti kubwa zilifuata nyuma. Ushahidi wa karibu zaidi ni wa 2012. Noti nne kubwa zilitoka kwa mpigo, na bado mwaka 2013 bei zilipanda kwa kiasi kidogo sana huku dola ikibaki kwenye faranga 920 na kitu hadi 2016. Kisha bei ya shaba ikaanguka, serikali ikarudi kuikopa Benki Kuu, na mwaka 2017 mfumuko ukavuka asilimia 50 bila noti mpya hata moja kutolewa. Kwa hiyo sipingi noti ya 50,000 kwa sababu ya hofu hiyo.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inahusu sarafu zenyewe. Mtu atasema: Zaire ilitengeneza sarafu za zaïre 1, 5 na 10 mwaka 1987 na 1988, na baada ya miaka michache hazikununua hata kibiriti. Kwa nini turudie? Ni kweli, na ni onyo la kuheshimiwa. Mfumuko kama wa 1994 unaua sarafu, na unaua noti pia. Swali halisi ni kama sarafu inavumilia mfumuko wa kawaida. Bei zikipanda asilimia 10 kwa mwaka, thamani ya sarafu ya 500 inapungua kwa nusu katika muda wa kama miaka saba. Noti ndogo inayopita sokoni, yenye jasho, mawese na mvua, haimalizi miaka miwili. Katika muda huo wa miaka saba noti ya 500 ingechapwa upya mara tatu au zaidi, na kila mara isafirishwe kutoka Kinshasa. Sarafu ya chuma cha pua au chuma kilichopakwa nikeli ni ghali kuitengeneza mara moja, lakini hudumu miaka ishirini na zaidi. Ni lazima thamani iliyoandikwa juu yake ibaki juu ya thamani ya chuma chake, vinginevyo itaishia kwenye vyungu vya mafundi wa kuyeyusha. Na isitengenezwe sarafu isiyonunua kitu. Tanzania ina sarafu za shilingi 5, 10 na 20 ambazo hakuna anayezitafuta tena. Kwa sababu hiyo ningeiacha kabisa 50 na kuanza na 100, 200 na 500.

Uzito si kikwazo. Mto kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kilomita zaidi ya 1,700, hubeba saruji, chumvi na bia. Makasha ya sarafu hayataushinda. Nao wanaosema simu itamaliza tatizo, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, wanasahau kwamba umeme wa mkoa wetu wa Tshopo hukatika mara kwa mara, simu huzimika, na kila kutoa pesa kuna ada. Simu inafaa kutuma dola 20 kwa ndugu aliyeko Isangi. Kwa kichupa cha mawese, ada na usumbufu vinazidi ile chenji iliyokosekana.

Kuna watu ambao noti kubwa ingewasaidia kweli, nao ni walipaji mishahara. Kupeleka malipo ya walimu Opala, Yahuma au Bafwasende kwa noti za 1,000 ni kubeba magunia kwenye njia mbovu, na gunia humtangazia mwizi. Noti ya 50,000 ingepunguza uzito na hatari. Lakini fuata safari ya noti hiyo baada ya mwalimu kuipokea. Kijijini hakuna duka lenye chenji ya 50,000. Mwalimu ama atakopa hadi deni lifike kiasi cha noti, ama atakubali kukatwa ili avunjiwe. Alicholipwa kamili ofisini kinapungua sokoni, na serikali inaamini imemlipa vyema. Noti kubwa bila chenji chini yake inahamisha mzigo kutoka kwa mlipaji kwenda kwa mlipwaji.

Ndiyo maana mpangilio ni muhimu. Sarafu za 100, 200 na 500 zitangulie, na ziingizwe kwanza mahali zitakapotumika palepale: kwa mawakala wa pesa za simu, kwenye ushuru wa soko, kwenye vivuko vya Lubunga, na kwenye madirisha ya kampuni za maji na umeme, ambako sheria iwabane watoza pesa wazipokee na wazirudishe kama chenji. Tawi la Benki Kuu la Kisangani lifungue dirisha la kubadilisha noti zilizochanika kwa sarafu, bila makato na bila masharti ya kima cha chini, ili mama wa Mangobo naye aende na noti zake kumi. Noti za 50, 100 na 200 ziondolewe polepole baada ya sarafu kujaa, wala zisiondolewe kabla. Noti ya 50,000 itoke baada ya hapo, siku ambayo mwalimu wa Opala anaweza kuivunja katika duka la kwanza analolikuta na kurudishiwa pesa yake yote.