Uzito wa Mwili na Uhai wa Mgonjwa Mahututi wa Kisukari

Na uchukuliwe mfano wa wagonjwa wawili wa kisukari, wakazi wa Kiembe Samaki, Unguja, waliofikishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja wakiwa mahututi kwa homa ya mapafu. Wote wana kimo cha mita 1.70. Wa kwanza ana kilo 52, wa pili kilo 78. Je, ni yupi aliye katika hatari zaidi?

Wengi watamtaja wa pili, kwa kuwa unene ni miongoni mwa visababishi vya kisukari. Kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha kimo, wa kwanza hupata 18.0 na wa pili 27.0; kiwango cha kawaida ni 18.5 hadi 25. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha mara kwa mara kwamba mgonjwa mahututi aliye chini ya kiwango hicho ndiye aliye hatarini zaidi. Aliyekizidi kidogo mara nyingi hupona sawa na wengine, na pengine huwapita.

Sababu moja ni akiba. Insulini huwezesha sukari kuingia katika seli za misuli na za mafuta. Ikikosekana, sukari hupotea katika mkojo, na mwili huanza kujila wenyewe. Maradhi makali huzidisha hali hiyo, hata misuli ya kuvutia pumzi ikadhoofika.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa mafuta ni dawa. Mara nyingi wembamba ni alama ya ugonjwa uliokwisha kukomaa. Kati ya 1981 na 1987, wagonjwa wapya 1250 wa kisukari walichunguzwa Muhimbili, Dar es Salaam. Zaidi ya robo yao walikuwa na uzito pungufu tangu siku ya kwanza. Katika kuwafuatilia wote, 205 walifariki. Waliohitaji insulini waliuawa hasa na wingi wa asidi ya ketoni katika damu na maambukizo.

Basi mizani haitoi hukumu, hutoa onyo. Mwenye afya na auepuke unene. Lakini mtu akikonda bila kukusudia, akawa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, hana sababu ya kupongezwa: apimwe sukari mapema, akiba ya mwili ingalipo.